Buti la Daktari wa Samaki

Jumapili, 18 Juni 1995

Mke wangu karudi! Siyo huyu wa ndani — huyu hajaenda popote, yuko jikoni ananuna tangu tupate uhuru. Nasema Siwema, mjukuu wangu, binti wa Deogratias. Treni imemshusha jana jioni. Begi moja la nguo, mawili ya vitabu. Nikamwambia, mke wangu, naona huko chuoni umeolewa na makaratasi. Akanijibu palepale: mume wangu, makaratasi hayakoromi.  Mtoto huyu ananifunga magoli tangu hajaota meno.

Sijui kwa nini naandika haya. Padre alinifukuza darasa la tano kwa kosa la kumchorea askofu ndevu kwenye picha. Mimi niliona zimempendeza. Tangu siku hiyo kalamu yangu haijapata wa kuizuia.

Chuo kimeleta jambo jipya. Zamani likizo ilikuwa likizo, mwanafunzi anakuja anakula, ananenepa, anarudi. Sasa kuna kitu kinaitwa muhula wa kiangazi. Kila anayesoma sayansi achague masomo matatu. Kila somo mwalimu wake atie sahihi kwenye fomu, na fomu ifike Dar kabla ofisi haijafungwa Ijumaa ya tarehe thelathini. Siwema ana sahihi mbili. Ya tatu ndiyo yenye kesi.

Anataka kusomea samaki wa mito. Samaki! Nimemkuza kwa kambale wa kukaanga, kumbe nilikuwa namsomesha! Mwalimu wa somo hilo, Daktari Mayunga, yuko huku huku bondeni, kapiga kambi Kivukoni. Sahihi inafuatwa kwake.

Akiandikishwa, kiangazi chote atakaa hapa kwangu. Nimeandika kwa herufi ndogo, Mama Deo, huyu wa jikoni, asijue nilivyofurahi.


Jumatatu, 19 Juni

Deogratias kaja na basi la asubuhi kutoka Kidatu. Shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Mwanangu akifanya kazi kwenye miwa anadhani na sisi wengine ni majani ya miwa.

Yeye anataka Kemia. Kasema Kemia ina kazi, ina koti jeupe, na kuna mtu wake maabara ya sukari huko Kidatu atakayempokea Siwema kiangazi hiki. Samaki kuna nini? Hata bibi yako asiyekanyaga chuo anawajua samaki. Siwema akamjibu taratibu: "Baba, bibi anajua walivyo sufuriani. Mimi nataka kujua wanaenda wapi mto ukipungua."

  Miaka yote naishi kando ya mto huu na sijawahi kujiuliza. Wanaenda wapi?

Mwishowe wamekubaliana. Daktari Mayunga akisaini kabla ya treni ya Alhamisi ya wiki ijayo, itakayopeleka fomu Dar, ni samaki. Asiposaini, fomu inajazwa Kemia na binti anakwenda Kidatu. Deogratias kanikazia macho: "Na wewe baba, tafadhali, usiingize mkono wako."

Mimi? Mkono wangu?


Jumatano, 21 Juni

Siwema kaenda Kivukoni, karudi anaimba. Daktari atakuja Ijumaa kukagua. Somo lake halichukui mwanafunzi hivi hivi — lazima awe na mwenyeji karibu na mto, mwenye chumba cha kutunzia vyombo na chupa za samaki. Mwenyeji ndiye mimi! Nimechana nywele siku mbili kabla.

Mama Deo hataki kusikia habari ya chupa. "Samaki aliyekaa kwenye chupa anamngoja nani?" Kila akipita anauliza. Lakini nimemwona anakipaka chumba cha nyuma udongo mweupe.


Ijumaa, 23 Juni

Leo nimeharibu. Ngoja niandike sawasawa, kwa mpangilio, kama polisi.

Kwanza niseme habari ya Mashimba. Mashimba ni jirani yangu, Msukuma, alikuja bondeni na ng'ombe wake tukaanza vibaya. Ng'ombe walikula mpunga wangu, mimi nikatema maneno ya kuwaapiza. Tulikuwa njiani kwenda mahakamani. Halafu mdogo wangu akafa. Siku ya maziko Mashimba akaja, akashuka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na kwamba humu ndani ni pazuri kuliko kwangu mimi Gaudensi. Watu walicheka makaburini mpaka mjane akashika mbavu. Tukampa jogoo. Tangu siku hiyo sisi ni watani. Akiacha kofia kwangu, naikamata, anaikomboa kwa kuku au kwa pombe. Mimi nikisahau jembe kwake, hali ni hiyo hiyo. Hakuna kukasirika. Anayekasirika ndiye kashindwa.

Sasa. Daktari kafika na pikipiki. Mwembamba, mpole, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyumbani wapi?"

"Magu, mzee. Usukumani."

Msukuma, kama Mashimba! Nasema kweli, vidole vilianza kuniwasha.

Akavua mabuti yake ya mpira mlangoni — kijana ana adabu — akaingia na soksi. Siwema akamwonyesha chumba. Akapima kivuli kwa macho, akagusa ukuta, akasema hapa pazuri sana. Mama Deo akamuuliza lile swali lake la chupa, daktari akacheka kidogo, akasema anamngoja mwanafunzi, mama. Fomu ikatolewa. Kalamu ikatolewa. Akasema, nione kwanza njia ya kwenda mtoni, nikirudi nasaini.

Huku nyuma mimi nilikuwa nimeshachukua buti moja. La kushoto. Nikalitumbukiza kwenye kihenge kilichokuwa kitupu.

Daktari katoka, anatafuta. Anaangalia chini ya benchi. Nikasimama katikati ya ua, mikono kiunoni:

"Jikomboe, mtani!"

"Nini, mzee?"

"Buti nimelikamata. Leta jogoo!"

Akamtazama Siwema. Siwema akanitazama mimi. Lo, macho yale!

"Mzee, lile buti ni mali ya chuo."

"Basi chuo kilete jogoo!"

Nilicheka peke yangu. Kicheko cha peke yako kinachosha haraka. Nikaona basi, utani haujashika, namrudishia. Nikakimbilia kwenye kihenge — kumbe vijana wa kubeba mavuno walishafika na mpunga, na Mama Deo anawasimamia, gunia la mwisho linamiminwa! Mpunga mpaka shingoni. Buti liko chini kabisa, limezikwa kama mfalme.

Nikarudi uani mikono mitupu. Nikasema lipo, ila halipo karibu.

Daktari hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Akakunja fomu, akamrudishia Siwema. "Dada, mimi nakuachia vyombo vya watu miezi mitatu. Mwenyeji anayemwibia mgeni mchana kweupe, vyombo vyangu vitapona?"

Akapanda pikipiki. Mguu mmoja buti, mwingine soksi, na soksi ina tundu, kidole gumba kinachungulia kama kobe. Kwa siku nyingine ningekufa kwa kucheka. Leo nilibaki nimesimama. Hata Mashimba hakuwepo wa kunieleza kwa mgeni. Alikuwa Kisawasawa kuangalia ndama.


Jumamosi, 24 Juni

Tumeutoa mpunga wote. Siwema kachota, mimi nimechota.  Buti limetoka limejaa mpunga, Mama Deo kalikung'uta juu ya ungo asipoteze hata punje.

Asubuhi Siwema kaniamkia hivi: "Shikamoo, mzee."

Mzee! Siyo mume wangu. Siyo hata babu. Mzee, kama anaamkia mtu kituo cha basi.

Afadhali angenitukana.


Jumapili, 25 Juni

Sikuimba kanisani. Mama Deo kanishika paji la uso akidhani ni malaria.

Baada ya misa nikaweka buti kwenye kapu, nikapanda baiskeli mpaka Kivukoni. Daktari hayupo. Kaenda Mbingu kutazama vijito, atarudi kesho. Nikafikiria kuliacha pale kwenye kibanda chake. Nikafikiria mara ya pili. Nikaenda kwa Mashimba, karudi jana.

Nimemsimulia. Nilipofika kwenye kidole gumba akaanguka kutoka kwenye kigoda. Alipopata pumzi akaniuliza, sasa unalirudisha kama nani? Kama ni utani, kitu kilichokamatwa hakirudi bure, utakuwa umemtukana. Kama ni wizi, kalipeleke kwa balozi wa nyumba kumi ujisalimishe.

"Wewe mtani wangu ni bure kabisa," nikamwambia.

"Mimi ni bure, lakini mabuti yangu yote mawili ninayo," akasema. Halafu akasimama, akakung'uta matako. Atakwenda mwenyewe kesho, azungumze na huyo mtoto wao kwa Kisukuma. Kasema vijana hawa wakikaa sana shuleni husahau, lakini hakuna asiyekuwa na bibi.

Nyumbani: "Mzee, chakula tayari."


Jumatatu, 26 Juni

Mashimba kaenda. Mashimba karudi. Nikamkimbilia njiani kama mtoto anayengoja andazi.

Kasema nini? Hakusema kitu. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akauliza kama lile kaburi ni kweli. Basi? Basi, akarudi kupima maji.

Siwema kaitoa ile fomu, kaiweka mezani, kaitazama, kairudisha kwenye kitabu. Pale pa somo la tatu hapajaandikwa kitu. Kalamu ya risasi kaichonga, hajaitumia. Niko nyuma ya mlango naona yote. Nilitaka kumwambia mke wangu nisamehe. Ila mtu na mke wa utani husameheana vipi? Sijawahi kuhitaji.


Jumanne, 27 Juni

Wezi!!! Baiskeli yangu imeibwa kiti!

Nilikuwa nyuma ya nyumba naziba banda la kuku. Narudi, baiskeli ipo, kengele ipo, pampu ipo — kiti hakipo. Limebaki lile bomba limesimama wima kama la kutishia. Nikapiga kelele mpaka jirani wa tatu. Nikasema nchi hii tangu vije vyama vingi hata matako ya mtu hayana usalama.

Mama Deo anapepeta mpunga, hainui kichwa. "Kapita mgeni wako wa buti."

"Nani?"

"Huyo daktari. Kaniamkia vizuri. Kaniomba spana, nikampa."

"Umempa spana? Avunje mali yangu?"

"Mbona ulipovunja heshima yangu sikuitwa. Kasema ukitaka kiti chako ukajikomboe. Kesho yuko mbali na mto, kwa hiyo keshokutwa, Kivukoni. Uende na mjukuu. Na buti."

Nikasimama. Nikaelewa. Jamani! Kamkumbuka bibi yake!

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu, kama chungu kinachemka. Siwema. Kashika mlango, kainamia tumbo, machozi yanatoka. Anaonyesha lile bomba la baiskeli kwa kidole, hawezi kusema. Mimi nikaanza. Mama Deo akaanza, mpunga ukamwagika. Kuku wakakimbia.

Lakini alipotulia akafuta macho, akasema: "Usidhani nimekusamehe, mzee. Bado sahihi."


Jumatano, 28 Juni

Deogratias katuma salamu na dereva wa lori la sukari: fomu ikishindikana huko, ijazwe Kemia, mtu wa maabara anangoja. Siwema kamwambia dereva amwambie baba nimesikia. Halafu kafua nguo zake zote. Za kukaa au za kuondoka? Sikuthubutu kuuliza.

Nimeliosha buti. Nimelipaka mafuta ya nazi. Linang'aa kuliko mimi siku ya ndoa.


Alhamisi, 29 Juni. Petro na Paulo

Naandika hapa hapa Kivukoni, nimekaa juu ya gogo. Lazima niandike la sivyo nitapasuka.

Tumekuja, Siwema kwa miguu, mimi juu ya baiskeli isiyo na kiti. Njia nzima nimesimama juu ya pedali. Watoto wanashangilia. Kila mama anayetoka sokoni anauliza, babu, unaona mbali huko juu? Mapaja haya si yangu tena.

Daktari Mayunga alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda chake. Amekaa juu ya kiti changu! Kakifunga kwenye kigoda kwa kamba. Uso mkavu, hacheki hata jicho. Mashimba pembeni, kavaa koti la sherehe.

"Mwangaluka, mtani," nikamwamkia kwa Kisukuma. Mashimba alinifundisha.

"Mwangaluka. Kiti hiki nimekikamata. Kizuri, ila kimezoea mtu mzito wa maneno."

Watu wanaongoja pantoni wakasogea. Nikatoa jogoo kwenye kapu. Akatikisa kichwa. Jogoo nampokea kwa ajili ya mama aliyeniazima spana, kasema, umrudishe kwake nyumbani. Mimi nataka kambale. Kambale mzima, hai, asiye na jeraha. Na hatavua mtani — atavua mwanafunzi. Aniletee hapa nimpime urefu, kisha arudishwe mtoni. Somo langu halina haja na mtu anayejua majina ya samaki na hajui kuwashika. Mzee akimgusa samaki huyo hata kwa kidole, kiti ni changu, na Kidatu si mbali.

Akapapasa mfuko wa shati. Fomu imo humo, Siwema keshamkabidhi. Na treni ni leo jioni.

Siwema kasogea ukingoni. Kavua viatu, kafunga kanga kiunoni juu ya suruali, kachukua mgono, lile tenga la kuvulia la wavuvi wa hapa, kaingia kwenye dimbwi lililoachwa na mto kule kwenye matete. Dimbwi dogo, maji ya magoti. Hapo ndipo wanapobaki, aliniambia njiani. Mto ukipungua wengine hurudi nao, kambale hujifanya hawakusikia. Nikamwambia kama babu yako. Hakucheka. Ila hakuniita mzee.

Saa nzima sasa. Kapata perege wawili, kawaachia. Kapata kambale mmoja mkubwa, kamponyoka, kamwachia matope usoni. Wanaongoja pantoni wamegawanyika kama vyama vya siasa: nusu wa Siwema, nusu wa kambale. Mama mmoja na mzigo wake wa ndizi kaiacha pantoni iende. Mashimba anaelekeza kwa Kisukuma, sijui anamwelekeza nani. Daktari kasimama, kakiacha kiti. Hata yeye anatembea ukingoni huku na huku, buti moja na kandambili moja.

Mtakatifu Petro, leo sikukuu yako, na wewe ulikuwa mvuvi. Tazama huku kidogo!

Jua linashuka.

Anapiga tena mgono. Anaingiza mkono kwa juu. Taratibu... Kamshika! Siyo kwa mkia kama tunavyofanya sisi wenye njaa. Kwa chini, mikono miwili, kama anabeba mtoto mchanga. Kambale anajipinda — matope — hawezi kupanda naye ukingoni, mikono yote imejaa, akiteleza anampoteza. Anatafuta chombo. Ndoo iko kibandani. Anageuka huku, matope mpaka masikioni, anapiga kelele:

"Mume wangu! Buti! Nirushie buti!"

Mume wangu!

Nimerusha. Mimi mwenye mapaja yaliyokufa, nimerusha buti la chuo mpaka katikati ya dimbwi, likaanguka wima! Likajaa maji, kamtumbukiza kambale kichwa kwanza. Sikumgusa. Watu wote ni mashahidi, sikumgusa!

Kapanda. Kasimama mbele ya daktari, kakumbatia buti, mkia unapiga piga kwa juu. Daktari kainama kuchungulia. Kambale kampiga maji, miwani yote. Anaifuta. Anatazama tena ndani ya buti lake mwenyewe. Mabega yanamtikisika. Anacheka! Huyu kijana anacheka mpaka kashikilia bega la Mashimba, anasema wabeja, wabeja, sijui anamshukuru nani.

Anatoa fomu. Ina doa la maji pembeni tu. Anatoa kalamu. Anaikung'uta. Anajaribu kwenye kiganja — haitoki, imelowa. Anajaribu tena. Watu wanapapasa mifuko. Katika umati wote huu, wa ndizi, wa kuku, wa pantoni, hakuna mwenye kalamu!

Siwema ananitazama. "Mume wangu, wewe unaandika nini hapo? Lete kalamu!"

Ninayo hii moja tu, ndiyo hii ninayoandik—